Fedha za Kigeni Arobaini na Moja

Mimi Tabita, mke wa Yonathani, nataka niliseme jambo hili kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeshalisikia likisimuliwa kilabuni, kwenye mashine ya kusaga, hata msibani, na kila mahali linasimuliwa miguu juu kichwa chini. Wengine wanasema mume wangu alifukia pauni za Waingereza chini ya kitanda. Wengine wanasema alikuwa mlanguzi wa Tunduma. Upuuzi mtupu! Mume wangu hajawahi kulangua hata kiberiti. Kosa lake ni moja tu: ukweli wake umeizidi akili yake.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo lililotuponza.

Yonathani alikuwa mtumishi wa mezani kwenye shamba moja la kahawa la mzungu, hapa hapa Mbozi, kabla ya Uhuru. Miaka kumi na mmoja. Mke wa yule mzungu sisi tulimwita Memsahibu Kengele, kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kumwita mtu, ila kengele tu. Akitaka chumvi, kengele. Akitaka mlango ufungwe, kengele. Sasa huyo memsahibu alikuwa na vijiko, uma, visu vya samaki, miiko mipana, pawa za supu, vyote vya madini ya fedha, alivyoachiwa na bibi yake Uingereza. Na katika nyumba ile hakuna aliyesema kijiko wala uma. Vyote viliitwa fedha. "Leta fedha mezani." "Osha fedha." "Fedha haisuguliwi kwa mchanga, we mpumbavu!" Ulimi wa Yonathani ukazoea hivyo, na ulimi wa mtu ukishazoea, ndiyo basi tena.

Hata siku ya posa yangu, baba alipouliza kijana anafanya kazi gani, mshenga wake alijibu kama alivyoelekezwa: "Huyu ameshika fedha za wazungu miaka kumi na mmoja." Baba akajua amepata mkwe wa benki. Akaongeza ng'ombe mmoja kwenye mahari hapo hapo. Tulipokuja kuelewa kwamba zilizoshikwa ni uma, ng'ombe alishafika zizini na mimi nilishafika kwa mume.

Pamoja na ng'ombe ikafika na habari nyingine: mkwe wetu alifukuzwa kazi kwa wizi.

Ilikuwa mwaka sitini na moja. Siku moja memsahibu alihesabu fedha yake, akakuta kimepungua kitu kimoja, kikoleo cha sukari. Zamani wazungu walikuwa na sukari ya vipande, na haishikwi kwa mkono, inashikwa kwa kikoleo. Akapiga kengele. Yonathani akaapa kwa Mungu hajakiona. Wakampekua mbele ya wapishi na vibarua wa uani, wakamvua hata shati, kisha wakamfukuza. Tangu siku ile, akipita njiani, watoto wanaficha vitu vyao kwa mzaha. Na Yonathani si mtu wa kuchukua mzaha. Kila mzaha unamwingia mwilini na kukaa.

Mwaka uliofuata wale wazungu wakahama, wakaelekea upande wa Zambia, ambayo wakati huo bado haijaitwa Zambia. Lori lao lilipinduka kwenye tope, mteremko wa kabla ya Tunduma. Hakufa mtu, ila masanduku yalipasuka. Waliokuja kusaidia kusukuma lori walirudi makwao na vijiko mifukoni. Fedha ya memsahibu ikasambaa nchi nzima ya kwetu, kimoja hapa, viwili kule.

Hapo ndipo ugonjwa wa mume wangu ulipoanzia. Mwaka sitini na tano alikwenda msibani Isongole, akaona maharage yanagawiwa kwa kijiko kikubwa chenye simba nyuma ya mpini, alama ya fedha ya memsahibu. Alirudi nyumbani na kijiko, jembe letu jipya limebaki Isongole. Nikamwuliza, "Baba Teresia, hilo ndilo la kulimia?" Akasema, "Mama Teresia, hii ni fedha." Nilitaka kulia.

Akaniambia hesabu yake. Kama kikoleo kitaonekana kwa mtu yeyote aliyeokota vitu siku ile ya lori, basi kilikuwemo ndani ya masanduku muda wote, memsahibu alikisahau mahali, na yeye Yonathani si mwizi. Kwa hiyo kila alikosikia kuna kijiko chenye simba, alikwenda. Swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote: "Hamjakiona na kikoleo?" Hawajakiona. Basi anachukua kilichopo, asirudi mikono mitupu. Ibaba alikuta fundi anapiga lipu kwa mwiko wa kugawia samaki. Alitoa mbuzi. Galula alikuta uma kubwa inatumika kugeuzia nyama kwenye moto. Tunduma alinunua chujio la chai kwa mfanyabiashara mmoja, Bashiri, mtu wa Kondoa, ambaye alimwambia, "Mzee, hii ni fedha halisi, hata benki inaijua." Maneno hayo ya Bashiri yalimvimbisha kichwa mwezi mzima.

Alivitengenezea sanduku, akalitandika vipande vya blanketi, kila kitu na shimo lake. Jumamosi anachekecha majivu laini, anavisugua kimoja kimoja. Akaandika daftari: fedha kubwa au ndogo, imetoka wapi, kwa nani. Shimo moja ndani ya sanduku liliachwa wazi, refu, jembamba. Wanangu wakala ugali kwa vidole miaka yote, fedha imelala kwenye blanketi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka sabini na nne, mwanamume alibeba sanduku kwanza, kitanda baadaye. Nilimtukana njia nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kidonda. Kikoleo kilikuwa kwangu.

Siku zile za shamba la mzungu nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, nachuma kahawa na mama yangu. Mchana kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo ya maganda kutoka jikoni kupeleka kwa nguruwe. Siku moja ndani ya maganda ya viazi nikaona kitu kinang'aa. Kidogo, kina miguu miwili, na ncha zake zimechongwa kucha za mwewe. Nikakibinya, kikabana. Nikajua ni chombo cha kutolea funza miguuni, maana kwa funza hakikuwa na mfano. Nikakifunga kwenye pindo la khanga. Je, huo ni wizi? Kimetupwa, nimekiokota. Lakini mbona nilikificha? Mpaka leo ninajiuliza na sijijibu.

Baada ya wiki nikasikia mtumishi wa mezani, ambaye hata sura yake sikuijua, amefukuzwa kwa kuiba koleo. Mimi koleo nililolijua ni la mhunzi, la kushikia chuma cha moto. Nikasema moyoni, mwanamume mzima anaiba koleo la mhunzi kwa wazungu, la kazi gani? Nikaendelea kutoa funza.

Nilielewa mwaka sitini na sita, nimeshaolewa, nina Teresia mgongoni. Yonathani alikuwa akinieleza kikoleo kilivyo, akichora mavumbini kwa kijiti. "Kadogo hivi. Miguu miwili. Ncha zake kucha za mwewe." Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko ukanishinda, ugali ukaungua. Nilitaka kusema, haki ya Mungu nilitaka. Nikasema, kesho. Kesho ikawa mavuno, mavuno yakawa msiba wa mama, na siri ukishaichelewesha inaota mizizi. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa watoto watano na uchi wangu nimeuficha kwenye kopo la mbegu za maboga. Kwetu mwanamume hagusi kopo la mbegu la mkewe. Kila alipoaga kwenda kukitafuta, nilimfungia viazi vya njiani, naye ananishukuru. Mnaelewa? Ananishukuru!

Ikaja themanini na tatu. Mnaikumbuka Aprili ile? Redio asubuhi wahujumu uchumi, jioni wahujumu uchumi. Hakuna aliyejua vizuri mhujumu ni nani. Mwenye katoni za sabuni? Mwenye mche mmoja je? Jirani yangu mmoja alitupa mtoni doti mbili za vitenge vya Zambia alizozawadiwa na shemeji yake, kisha akakaa akilia kwa sababu hakuwa na cha kuvaa. Sukari tulikuwa hatujaiona dukani tangu Krismasi. Kila mtu alimtazama mwenzake anaficha nini.

Katibu wa kijiji, Osea, akaitisha mkutano. Osea ni kijana wa juzi, nimembeba mgongoni, lakini siku ile alivaa suti ya Kaunda na sauti ngeni. Akasoma karatasi: mtu yeyote mwenye fedha za kigeni azisalimishe leo kwa hiari yake, atasamehewa; akikamatwa nazo baadaye, asilaumu mtu. Watu wakatazamana. Nani ana fedha za kigeni kijijini kwetu? Za hapa zenyewe hatunazo.

Mume wangu akasimama, kofia mkononi.

"Mimi ninazo, ndugu katibu."

Mwe! Nikadhani sikusikia vizuri.

"Unazo nini, mzee?"

"Fedha za kigeni. Umesema tuseme."

"Za nchi gani?"

"Uingereza. Halisi kabisa."

Osea alipapasa mifuko yote kutafuta kalamu. "Ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Zote kubwa?"

"Hapana. Kubwa ni tisa, za kati kumi na nane, zilizobaki ndogo ndogo."

"Zina picha gani?"

"Simba anatembea, mguu mmoja kauinua. Kichwa cha chui. Herufi moja. Na kichwa cha malkia, katazama pembeni."

Watu wakaguna. Malkia! Osea anaandika mpaka jasho linamtoka. "Umezipata wapi?"

"Mahali pengi. Isongole, Ibaba, Galula. Moja Tunduma, kwa Bashiri."

"Mpakani! Kwa njia gani?"

"Nilibadilisha. Nyingine kwa jembe, nyingine kwa kuku. Ile ya Ibaba nilitoa mbuzi."

"Mzee Yonathani, unabadilisha fedha za kigeni kwa mbuzi?"

"Mbuzi jike," akasema, akidhani wanamwona amepunjwa.

Mwanzoni nilicheka ndani ya khanga. Nikasema, Osea sasa hivi ataelewa, tutacheka wote. Kisha nikaona mgambo wawili wamesimama wamemzunguka mume wangu, na kicheko kikanikauka. Mtaniuliza: kwa nini hukupiga kelele kwamba ni vijiko? Na mimi najiuliza hivyo hivyo. Nilichanganyikiwa, jamani! Kisomo cha watu wazima kilinifundisha kusoma fedha, kuandika fedha. Hakikuniambia fedha ngapi ni fedha. Bashiri alisema hata benki inaijua. Redio ilisema mali yoyote isiyo na maelezo. Vijiko vya mzungu vilivyookotwa kwenye ajali vina maelezo gani? Nikaona labda mume wangu yuko sahihi, labda ndizo hizo hizo fedha za kigeni, na mimi nimelala nazo chumba kimoja miaka kumi na minane.

Nikajitoa mkutanoni kama naenda haja. Nikakimbia nyumbani, nikalifungua sanduku, nikavikomba vyote kwenye khanga, mbio mpaka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, maji mekundu yanapita juu ya gogo la kuvukia. Nikasimama nikatupa. Pawa, uma, miiko, chujio la Bashiri. Nilikuwa natupa kwa woga, nikisema bila ushahidi hakuna kesi. Lakini nisiwadanganye, vijiko vya mwisho nilivitupa kwa raha. Miaka kumi na minane nilitaka kufanya vile.

Nimerudi nyumbani napumua juu juu, nao hao wanaingia, mgambo wawili na mume wangu katikati. Amekuja kuwaonyesha. Uso wake una furaha, unajua, mtu amepata wageni wa kuwaonyesha kazi ya mikono yake. Akafungua sanduku. Blanketi na mashimo matupu.

"Mama Teresia, fedha iko wapi?"

Na mimi nikamkonyeza, nikasema kwa sauti, "Fedha gani? Nyumba hii imewahi kuwa na fedha?"

Nilidhani nimemwokoa. Mgambo mmoja akamtazama mwenzake. "Umeona? Mwanamke ameshazihamisha."

Yonathani alikaa chini, mkono ndani ya sanduku, anapapasa shimo moja moja. Hakuniuliza tena. Wakamnyanyua wakaondoka naye, wakamfungia kwenye ghala la kahawa. Kesho asubuhi gari la wilaya litakuja kumchukua. Na siku zile waliochukuliwa na gari hakuna aliyejua wanarudi lini.

Nikamkimbilia Osea ofisini. "Mwanangu, ni vijiko! Vijiko vya kulia, vya madini ya fedha!"

"Basi vilete, mama, yaishe."

"Nimevitupa mtoni."

Akaniangalia kwa huruma kweli. "Mama Teresia, mtu gani anatupa vijiko mtoni? Watu wanatupa pauni."

Hebu nyie nipeni jibu! Kitu pekee ambacho kingemtoa mume wangu kilikuwa vile vijiko, na mimi ndiye niliyevitupa ili nimtoe. Nikarudi mtoni, nikaingia maji mpaka kiunoni, nikapapasa tope mpaka jua likazama. Nilipata mawe. Sikupata hata kijiko cha chai.

Kulipokucha nilikaa mbele ya kopo la mbegu za maboga. Nilikuwa najua tangu jana. Kimebaki kimoja, chenye simba yule yule na malkia yule yule, kama alivyotaja Yonathani na Osea akaandika. Nikikipeleka, mume wangu anatoka. Nikikipeleka, mume wangu anajua. Nilifikiri nikitupe nacho, kweli nilifikiri hivyo, Mungu anisamehe. Kisha nikasikia mtu anasema gari limeonekana barabarani, nikalimwaga kopo, mbegu zikatawanyika uani, kuku wakajilia.

Ofisini watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Yonathani amekaa kwenye benchi, ana maganda ya kahawa kichwani. Sikumtazama. Nikakiweka kikoleo mezani mbele ya Osea.

"Soma karatasi yako," nikamwambia, "na utazame hapo ndani ya mguu."

Osea akatoa karatasi, akakisogeza dirishani. Akasoma kwa sauti, kidole juu ya alama. Simba, mguu mmoja kauinua. Kichwa cha chui. Herufi. Kichwa cha malkia, katazama pembeni. Akarudia tena kuanzia simba. Kisha akauliza, taratibu, "Hiki ni nini?"

Aliyejibu ni Yonathani. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Kikoleo cha sukari."

"Kazi yake?"

"Kushikia sukari."

Watu wakacheka. Sukari yenyewe iko wapi? Osea akakuna kichwa. "Kwa hiyo mzee, zile fedha arobaini na moja, kubwa tisa, za kati kumi na nane..."

"Ni uma na vijiko. Sasa nyie mlidhani nasema nini?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mgambo wale walishikana mabega kwa kucheka. Hata dereva wa gari la wilaya aliyekuja kuchungulia alicheka, akasema yeye habebi vijiko, akaomba maji ya kunywa. Nilidhani yamekwisha. Nikaanza na mimi kucheka, kicheko cha kulia.

Lakini Osea ni mtu wa karatasi. Lazima aandike, kila kitu kimetoka wapi. Akafungua daftari la Yonathani, ambalo mgambo walilichukua pamoja naye, akapitia kidole ukurasa kwa ukurasa. "Mzee, hiki hakimo. Nafasi yake ipo, lakini haikuandikwa kimepatikana wapi." Akaniinulia macho. "Mama, wewe ndiye umekileta. Ulikipata wapi?"

Ndipo nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshanitazama zamani. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa anahesabu, nilimwona anahesabu: miaka, safari, viazi vya njiani. Nikafungua mdomo.

"Nilikiiba mimi," akasema Yonathani.

Kalamu ya Osea ikasimama.

"Andika, katibu. Mwaka sitini na moja, kwa Memsahibu Kengele. Nilikiiba nikampa huyu anifichie. Hana kosa."

Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Makofi, jamani! "Kumbe mzee ulianza kuwakomoa wakoloni kabla ya Uhuru!" Wazee waliomcheka miaka ishirini na miwili wakamshika mkono. Osea akatabasamu, akaandika, akasema kuiba kwa mkoloni si kesi ya ofisi ile. Kile kile walichomdharau nacho sasa wanamsifia nacho, naye hajafanya hata kimoja. Yonathani akachukua kofia yake, akachukua kikoleo, akatoka. Nilimfuata nyuma, hatua kumi, mpaka nyumbani. Hakusema kitu. Watoto njiani wakaanza kumwita Mzee Kikoleo.

Jumapili nikaona sitaweza. Ilipofika nafasi ya ushuhuda nikasimama kanisani, nikasema yote: ndoo, maganda, funza, kopo la mbegu. Nikasema mume wangu hakuiba, mwenye kitu ni mimi. Nililia mpaka kilemba kikaanguka. Mnajua walifanya nini? Mwinjilisti Anania aliinua mikono akasema, "Mungu atujalie wanawake wa namna hii, wanaojitwisha dhambi za waume zao." Akina mama wakanikumbatia. Nikawaambia, sikilizeni, ni mimi, ni kweli ni mimi! Wakasema ndiyo, mama, ndiyo, wakanipangusa machozi. Hakuna aliyeniamini hata mmoja.

Nikarudi nyumbani kichwa kinazunguka. Yonathani hakuja kanisani siku ile. Nilimkuta uani, sanduku wazi mbele yake, mashimo matupu, anasugua kikoleo kwa majivu, kitu kimoja tu.

Nikapiga magoti. "Baba Teresia, kwa nini ulisema ni wewe?"

Akasugua.

"Mimi nimeitwa mwizi miaka ishirini na miwili," akasema. "Jina hilo nimeshalizoea. Wewe ungeanza leo. Ungeliweza?"

Nikamwambia tu nilivyokipata, mara ya kwanza kumwambia, maneno yanagongana. Akaacha kusugua.

"Kwenye maganda?"

"Kwenye maganda."

"Ya viazi?"

"Ya viazi, kwenye ndoo ya nguruwe."

Akatikisa kichwa polepole, akitazama huko mashambani, kama yule memsahibu bado amesimama kule na kengele yake.

"Nilimwambia atazame kwenye ndoo ya maganda," akasema. "Nilimwambia mara tatu."

Kisha akaninyooshea kibati cha majivu, bila kunitazama, nimwongezee. Nikaenda jikoni nikamletea.